Sauti ya Kumwitikia Bibi

Kila ninapofika mji mgeni nimechoka, moshi wa mabua ya mpunga hunirudisha Ifakara. Kwa moto wa mabua hayo wazee walikaza ngozi za ngoma baada ya mavuno. Bibi ndiye aliyeongoza nyimbo, nami mjukuu wake nilianza kumwitikia, kisha wengine wakafuata.

Alasiri moja jumbe, mkuu wa kijiji chetu, aliitisha baraza. Alitaka watoto wasione tena ngoma za wakubwa.

"Mama, nyimbo zenu zina mambo ya chumbani," mwalimu wa dini alimwambia Bibi.

"Na wewe, mwanangu, ulitokea wapi? Kanisani?"

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Alinishika bega. "Huyu mke mwenzangu asipokuwepo, nani ataniitikia?"

Hata hivyo amri ilipita.

Siku ya ngoma mama alinifungia ndani, jua likiwa bado kali. Nilimsikia Bibi akimaliza ubeti, akanyamaza. Nikaitikia kwa nguvu zangu zote, mdomo wangu ukiwa kwenye ufa wa mlango. Ngoma zilinizidi sauti. Bibi alingoja kidogo, kisha akajiitikia mwenyewe, kwa sauti nyembamba kama yangu.