Namelok Hakuvua

Tulipomzika mke wangu hapa Mazingara, mchungaji alisema marehemu alikuwa mama mpole, hakupingana na mtu. Nilinyamaza kwa sababu ya wageni. Lakini si kweli. Mchungaji alimkuta Namelok amezeeka, magoti yanamwuma, hana nguvu ya kubishana. Mimi nilimwoa akiwa binti. Hakuwa mpole, na sitaki azikwe na upole wa kusingiziwa.

Nitaeleza jambo moja tu.

Mimi ni Moreto. Shule sikuiona. Kazi yangu ilikuwa ng'ombe, na miaka ile ya mwanzo ya Uhuru nilikuwa nakamua kwa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Likaja Azimio la Arusha, mashamba makubwa yakawa ya serikali. Mgiriki akafungasha, akahamia Zambia kufuga. Akaniambia, "Moreto, hawa ng'ombe wanakusikia wewe kuliko mimi. Twende." Nikaenda. Nilikuwa nimeoa karibuni. Namelok nikamwacha hapa bomani kwa kaka yangu Lekakeny, tumepatana kwamba nikipata nyumba atanifuata.

Nyumba nikapata. Mgiriki akaandika barua ya kumwita. Kumbe barua haitoshi. Mke alitakiwa awe na pasipoti, na ndani ya pasipoti igongwe viza ya kuingia Zambia, na hayo yote yanaanzia kwenye picha.

Hapo pana jambo la kwetu. Mwanamke wa Kimasai akiolewa huvaa surutia masikioni. Ni waya wa shaba uliozungushwa ukawa bapa kama gamba la konokono, unaning'inia kila upande. Si urembo wa kuvaa leo na kuvua kesho. Mume akiwa hai, surutia hazitoki. Siku mwanamke akionekana bila surutia, watu hawamwulizi ameziweka wapi. Wanamwuliza mumewe amekufa lini.

Basi Lekakeny akamchukua shemeji yake, wakapanda basi Mkata, wakashukia Korogwe. Walifikia kwa Lea, Mshambaa aliyekuwa anauza mboga sokoni. Namelok alimzoea zamani wakati akiuza maziwa pale, na Kiswahili chake alikipatia hapohapo.

Siku zile Wamasai tulisemwa sana kwa ajili ya mavazi. Lea akamwambia, "Dada, ukienda ofisini na shuka hiyo hawakusikilizi. Chukua gauni langu."

"Lete."

Lea akashangaa. "Hukatai?"

"Ni nguo tu. Nikikataa kila kitu watasema ni kichaa. Nitakataa kimoja."

Akavaa gauni lenye maua, likambana mabegani. Wakaenda kwa Semboja mpigapicha. Semboja alikuwa na pazia lililochorwa ndege ya kuruka, na kila aliyepigwa picha pale alionekana kama abiria. Kwa picha ya pasipoti aliligeuza likawa jeupe. Akapiga. Picha ikatoka nzuri, ana macho makali, surutia huku na huku.

Kwenye ofisi ya pasipoti walimkuta afisa mmoja kijana, Bwana Ponsiano. Akaishika picha kwa ncha za vidole.

"Mama, picha haifai. Vua hayo madude upige nyingine."

"Hayavuliwi."

"Kwani yameota?"

"Bwana mkubwa, kwetu mwanamke akivua haya, mumewe amekufa. Wangu ni mzima. Ndiye huyo ninayemfuata."

Ponsiano akacheka, akamgeukia Lekakeny. "Mzee, mwambie shemeji yako tunajenga taifa. Mambo ya ushirikina tumeyaacha nyuma. Masikio yanatakiwa yaonekane."

Namelok akamjibu mwenyewe. "Masikio yangu hayaonekani? Korogwe nzima hii kuna mtu mwenye masikio ya kuonekana kuliko mimi?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Ponsiano hakupenda kuchekwa. Akarudisha picha, akaita mwingine.

Usiseme hawakujaribu njia nyingine. Lea akamfunga kitambaa kichwani, kikashuka kikafunika surutia zote mbili, wakarudi kwa Semboja. Semboja akasema, "Sasa umekaa kama bibi wa Kilutheri." Wakapeleka.

"Masikio yako wapi?" akauliza Ponsiano.

"Si ulikuwa huyataki?"

"Masikio nayataka. Siyataki madude."

"Basi yanakuja pamoja, bwana mkubwa."

Akawafukuza.

Walipofika stendi, Lekakeny alikuwa amechoka. Kaka yangu alikuwa mtu mzima mwenye heshima, na hakuzoea kufukuzwa na kijana. Akasema, "Shemeji, rudi kwa huyo mpigapicha. Vua. Apige. Vaa. Ni kufumba na kufumbua. Moreto yuko mbali, hataona."

"Wewe utaona."

"Nitageuka."

"Na mimi nigeukie wapi?"

Lekakeny akakasirika. "Unajua unachofanya? Unajitenga na mumeo kwa ajili ya shaba. Mwanamke mwingine angevua hata meno."

"Huyo mwingine mngemwoa. Mmenioa mimi. Ng'ombe wa mahari mliowaleta nyumbani kwetu, wewe ndiye uliyewachunga njiani. Leo unaniambia nimwue mdogo wako ili nipate karatasi ya kumfikia? Nikifika nimkute nani?"

Kaka yangu aliniambia baadaye kwamba maneno yale yalimchoma, lakini hakutaka kushindwa na mwanamke pale stendi mbele za watu. Akasema, "Mimi narudi. Ng'ombe hawajui viza." Akapanda basi. Namelok akabaki.

Ningekuwepo mimi ningemwambia nini? Nimejiuliza sana. Nilikuwa namtaka. Nafikiri ningemwambia avue. Na yeye angenikatalia vilevile.

Kesho yake akarudi ofisini peke yake, amevaa shuka zake safari hii. Gauni alilifua, akamrudishia Lea. Akaketi kizingitini. Kila aliyetaka kuingia alimruka miguu.

"Mama, ondoka mlangoni," akasema Ponsiano.

"Nangoja."

"Unangoja nini? Nimeshakujibu."

"Umejibu picha. Mimi hujanijibu. Sema kwa mdomo wako kwamba mume wangu amekufa, niondoke."

"Mimi nitajuaje kama amekufa?"

"Basi kama hujui, usiniambie nivue."

Palikuwa na mzee mmoja wa Kizigua kwenye foleni, amefuata shughuli zake. Akasema, "Bwana Ponsiano, sisi wengine tuna basi la kuwahi Kabuku. Mpe huyu mama anachotaka, au mwambie hayo anayotaka kuambiwa."

Ponsiano akatazama ile foleni. Mtu anaweza kusema mengi mezani kwake, lakini kumwambia mke wa mtu kwamba mumewe amekufa, mchana kweupe, mbele ya watu, na mwenyewe ni mzima? Hakuna mtu wa kwetu huku, Mzigua, Mshambaa wala Mmasai, ambaye angelitamka hilo. Hata kijana yule alikuwa na mama aliyemfunza adabu. Akanyoosha mkono.

"Lete hiyo picha. Ile ya kwanza."

Namelok akaitoa kifuani.

"Nitaituma Dar es Salaam hivi ilivyo. Huko ndiko watakakoikataa, si mimi. Nimekuonya."

"Tuma."

"Ikirudi usije kunisumbua."

"Ikirudi nitaleta ileile."

Akarudi bomani. Kule napo hakupokewa kwa vigelegele. Wake wa Lekakeny walimwita Bibi Viza. Akienda kuteka maji wanamwuliza kama mtungi ule ni wa Zambia. Balozi wetu wa nyumba kumi akamwambia aache ndoto, alime pamoja na wenzake. Akalima. Mvua zikaja, zikaisha. Lekakeny hakumsemesha habari ile, wala yeye hakuileta. Surutia alizisugua kwa majivu kila asubuhi, zikang'aa, makusudi wazione.

Kisha akaitwa Korogwe. Ponsiano akamsogezea kitabu mezani bila kumtazama. Picha ilikuwa ndani, ileile, na viza imegongwa. Huko Dar es Salaam hakuna aliyeuliza kitu. Sheria ile ya kuvua ilikuwa ya nani, mpaka leo sijui.

"Una bahati, mama."

"Bahati ya nini? Nilileta uso wangu tangu siku ya kwanza."

Alisafiri kwa mabasi mpaka Tunduma. Mpakani askari akafungua kitabu, akatazama picha, akamtazama mwenyewe, akafunga. Hakuwa na kazi ya kumtambua. Kutoka pale alipata lori la mahindi.

Mimi nilikuwa zizini. Nilisikia mbwa wa Mgiriki wanabweka, nikatoka na ndoo mkononi. Amesimama getini, vumbi mpaka kope, na masikio yake kama nilivyoyaacha. Nikaweka ndoo chini, nikamfungulia.

Akanihadithia yote tumesimama palepale. Ponsiano, kitambaa cha Lea, Lekakeny stendi. Nikamwuliza, "Na wangekataa kabisa?"

"Ningekaa Mazingara."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uje. Njia si unaijua?"

Nilicheka. Namelok hakucheka. Aliniuliza maji ya kunywa yako wapi.