Damu ya Mbuzi kwenye Zawadi ya Kusini

Simaltari ni mji mdogo uliokalia mgongo wa kilima magharibi mwa Nepal, na karibu kila kitu chake cha maana kimeandikwa jina la nchi nyingine. Paa la shule ni msaada wa watu wa India. Tangi la maji lina herufi za Kichina kubwa kuliko milango ya nyumba zinazolizunguka. Mahema yaliyobaki tangu tetemeko la ardhi, ambayo siku hizi yanafunika mahindi, yana nembo ya Pakistan. Hata choo cha stendi kina kibao cha shukrani, ila jua limekila kibao hicho mpaka hakuna ajuaye anashukuriwa nani.

Wenyeji hawasemi India wala China. Husema Kusini na Kaskazini, kwa sauti ile ile ambayo mtu huwazungumzia wajomba wawili matajiri walionuniana: ukila kwa mmoja, mwingine atajua kabla hujanawa mikono.

Lokmani Gharti, dereva wa gari la wagonjwa la manispaa, hakuwa na ugomvi na mjomba yeyote. Alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, mwenye masharubu aliyoyatunza kuliko viatu. Ujana wake wote aliuacha Delhi, kwanza akilinda geti, kisha akiendesha gari la mfanyabiashara wa vitambaa. Baada ya hapo akaenda Qatar kuendesha lori la maji. Miaka yote hiyo, sikukuu ya Dashain, ambayo kila Mnepali hufanya juu chini kuwa nyumbani kwao, ilimkuta ugenini, akila kuku wa barafu pamoja na wanaume wenzake huku kila mmoja amegeukia ukuta na simu yake sikioni. Aliporudi na manispaa ikampa kazi, alimwambia mkewe, Dhansari, kwamba hatoki tena.

"Labda mnitoe mmenibeba," alisema.

"Nitakubeba na nani, na tumbo hilo?" Dhansari akamjibu.

Basi mwaka ule, katikati ya mvua, giaboksi ya gari la zamani ikasagika kwenye kona za mtoni, na gari likafa palepale. Wagonjwa wakarudi kubebwa kwenye matenga migongoni mwa watu, au kulazwa kwenye trela ya kubebea matofali. Na bila gari hakuna dereva. Meya, Tekendra Rokaya, alimwita Lokmani ofisini akamwambia kwa upole kwamba bajeti haiwezi kumlipa mtu wa kukaa. Likipatikana gari, kazi ipo. Lisipopatikana, sikukuu zikiisha, jina lake linaondolewa. Wakala wa Qatar alikuwa ameshaanza kupiga simu.

Lakini Rokaya hakuwa mtu wa kukaa bure. Alipanda basi hadi Kathmandu akanywa chai kwenye balozi zote mbili. Kwa watu wa Kusini alidokeza kwamba Kaskazini wana gari tayari, la umeme, zuri ajabu. Kwa watu wa Kaskazini alidokeza kwamba Kusini wameshatuma ufunguo. Wote walimsikiliza wakitabasamu, wote wakaandika. Waliowahi ni Kusini. Siku ya nane ya Dashain gari lilipanda kilima likipiga honi, jeupe kama maziwa, limevishwa maua ya njano, na kwenye milango yote miwili limeandikwa kwa lugha tatu: Zawadi ya watu wa India kwa watu wa Nepal.

Lokmani alilizunguka. Akafungua boneti, akaifunga, akaifungua tena. Halafu akaenda kununua mbuzi.

Siku ya tisa ndiyo siku ya chuma. Nchi nzima hubariki mapanga yake, cherehani zake, pikipiki zake, mabasi yake, hata ndege zilizoko uwanjani, ili chuma kilishwe mara moja kwa heshima na mwaka mzima kisitafute damu ya watu. Gari lisilobarikiwa hakuna anayepanda kwa moyo mkunjufu, mgonjwa ndiyo kabisa. Lokmani alichagua mbuzi mweusi asiye na doa. Alimnyunyizia maji kichwani na mgongoni, kisha wakasubiri, yeye na Dhansari na majirani, maana mnyama lazima ajitikise mwenyewe, aonyeshe kwamba amekubali. Mbuzi alitazama huku na huku. Alikula ua moja la njano kutoka kwenye bampa. Mwishowe akajitikisa kuanzia masikio hadi mkia, watu wakashangilia, na panga likashuka mara moja.

Damu ilinyunyizwa kwenye matairi, kwenye boneti, kwenye bampa. Kisha Lokmani akaenda mlangoni.

"Na hapo kwenye maandishi?" Dhansari aliuliza.

"Hapo ndipo hasa. Aliyetoa naye alindwe." Akayarushia maneno yale damu nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, mlango wa kulia, mlango wa kushoto, kwa mkono wa mtu anayelipa fadhila.

Purna, kinyozi wa stendi, alipiga picha. Hakuwa na ubaya. Aliandika tu "Heri ya Dashain kutoka Simaltari" akaituma mtandaoni, akaenda kula nyama.

Picha ilisafiri bila maneno yake. Kilichoonekana ni gari jeupe, jina la India, na damu ikichuruzika juu ya jina hilo. Huko Kathmandu wapo ambao hawajawahi kusamehe ile miezi mpaka wa kusini ulipofungwa, gesi ikaadimika na watu wakapikia kuni ghorofani. Hao waliipokea picha kama zawadi. "Simaltari imejibu!" waliandika. Kusini nako watu wakawaka. Mtangazaji mmoja aliikuza picha nyuma ya kichwa chake akauliza kwa sauti ya kupasuka ni nani aliyewatuma watu hawa wa milimani. Jioni hiyo meya alipata simu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Kusini, fupi na baridi. Ya pili ilikuwa ya Kaskazini, ndefu na tamu: wamesikitika kusikia yaliyotokea, na kama nafasi ya kuegesha gari itakuwa wazi, wao wangefurahi kulizungumzia tena lile la umeme. Lini, hawakusema.

Kesho yake Rokaya alimkuta Lokmani kwenye bembea ya mianzi inayofungwa kila Dashain, amekaa kama mtu asiye na deni duniani.

"Kaka, shuka. Umeniua."

"Nimekuua vipi, meya? Si umekula paja zima jana?"

"Osha lile gari. Leo hii."

"Haiwezekani."

"Nini haiwezekani? Ndoo ipo, maji yapo."

"Tangi la Kaskazini, gari la Kusini," alidakia mtu kutoka upande wa pili wa bembea, na watu wakacheka.

Lokmani hakucheka. "Meya, mdogo wangu. Gari halijabeba mgonjwa hata mmoja. Nikifuta baraka kabla ya safari ya kwanza, nani atakayelipanda? Wewe utampandisha mama yako?"

Rokaya alimfikiria mama yake.

"Wanakuja kulichukua," alisema mwishowe. "Watasema linarudi kwa matengenezo. Ukiona limeshuka kilima, pakia begi lako."

Usiku ule Lokmani hakumficha mkewe. Dhansari alisikiliza huku akipepeta mchele, akasema neno moja tu: "Waje."

Aliyekuja alikuwa Bwana Ranganathan, ofisa kijana wa ubalozi, mwembamba, mwenye miwani, Mtamil wa kusini kabisa mwa Kusini, mtu ambaye tangu azaliwe hajala hata yai. Alishuka kwenye jipu akaliona gari, akatoa leso akaiweka puani. Damu ilikuwa imekauka na kuwa ya kahawia, nzi wakiifanyia mkutano.

Alianza kwa Kihindi, si lugha ya kwao bali aliyofundishwa kazini, kwa uangalifu, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Lokmani alimjibu kwa Kihindi cha mitaa ya Delhi, kinachomiminika, chenye matusi madogo ya kirafiki ndani yake.

"Wewe ni wa Delhi?" Ranganathan alishangaa.

"Nililinda geti huko, mheshimiwa. Geti linafundisha lugha kuliko shule."

"Basi unaongea lugha ya nchi yangu vizuri kuliko mimi."

"Nchi yako ni kubwa, ndugu. Si kosa lako."

Ofisa alicheka kidogo, kisha akakumbuka kazi iliyomleta. Akanyoosha mkono. "Ufunguo, tafadhali. Ni kwa matengenezo tu."

Lokmani alikuwa na ufunguo mfukoni. Aliushika humo humo, hakuutoa. Majirani walikuwa wamejaa uani. Meya alikuwa akitazama viatu vyake.

Ndipo Dhansari akatokea jikoni na sahani ya shaba yenye baraka za Dashain: mchele uliochanganywa na mtindi na unga mwekundu, na machipukizi ya shayiri ya njano.

"Kaa," alimwambia mgeni kwa Kinepali.

"Mama, mimi niko kazini."

"Na mimi niko kazini. Nyumba hii, hadi mwezi uwe mpevu sikukuu iishe, mgeni hatoki na paji tupu. Una mama?"

"Ninaye."

"Amekuona sikukuu hii?"

Ranganathan alikaa kwenye kigoda cha majani alichosogezewa, akavua miwani. Dhansari alimbandika mchele mwekundu kwenye paji la uso, mwingi, kwa vidole vitatu, akimwombea maisha marefu, mke mwenye maneno machache na bosi mwenye moyo. Watu wakacheka. Akamchomeka shayiri sikioni. Ofisa alipoinuka kutafuta kioo, kilichokuwa karibu ni kioo cha pembeni cha ambulensi. Akainama, akajitazama: paji lote jekundu, tone moja likimteremka puani.

"Sasa mnafanana, wewe na gari," Lokmani alisema.

Kijana alijifuta pua. Safari hii alicheka kwelikweli. "Ndugu, kwa nini hamkutumia nazi?"

"Kwenu mnafanyaje, gari likiwa jipya?"

"Kwetu? Tunaweka ndimu chini ya kila tairi, gari linazikanyaga. Tunavunja nazi. Halafu tunachukua lile boga kubwa jeupe, tunalitoboa, tunajaza unga mwekundu ndani, tunalibamiza barabarani mbele ya gari. Linapasuka, nyama yake inatapakaa, nyekundu yote..." Akasita.

"Linafanana na nini, mwanangu?" Dhansari aliuliza kwa macho ya mtu asiyejua lolote.

Ranganathan alitazama gari. Aliyatazama maandishi mlangoni, yale yaliyorushiwa damu kuliko pengine pote, na kwa mara ya kwanza akauliza lile ambalo hakuna mtangazaji wala balozi aliyekuwa ameuliza. "Hapa mlangoni, kwa nini ni nyingi hivi?"

"Kwa sababu ya jina lenu," Lokmani alisema. "Nimekula chumvi yenu kule Delhi miaka mingi. Nilitaka nanyi mpate kinga."

Ofisa alienda nyuma ya jipu akapiga simu. Aliongea Kitamil, Kiingereza, tena Kitamil. Uani walisikia sauti tu ikipanda na kushuka. Aliporudi alikuwa amekunja mikono ya shati.

"Hapa mna boga?"

Simaltari mwezi ule ilikuwa na maboga mengi kuliko watu. Yalikuwa juu ya mapaa, kwenye ua, chini ya vitanda, na wale wa tabaka la makuhani, ambao hawachinji, huyakata hayo badala ya mbuzi. Yakaletwa matano, watu wakagombana ni la nani lipasuliwe. Ofisa alichagua la mama yake meya. Walilitoboa, wakalijaza unga mwekundu uliobaki kwenye sahani. Ndimu nne zikawekwa chini ya matairi. Kisha mwakilishi wa Kusini, amevaa mchele usoni na shayiri sikioni, akaliinua boga juu ya kichwa na kulibamiza mbele ya gari kwa nguvu ambayo hakuna aliyeitegemea. Shati lake liliharibika papo hapo. Purna alipiga picha, na safari hii meya alisimama nyuma yake akamsomea neno kwa neno cha kuandika.

Picha hiyo nayo ilisafiri. Mtangazaji wa Kusini aliisifu kama ushindi wa utamaduni. Wakali wa Kathmandu walisema Simaltari imejiuza kwa boga. Kaskazini walipiga simu tena, sauti ile ile tamu, wakauliza kama mji ungependa kituo cha kuchajia magari ya umeme, na Rokaya akajibu kwamba mji ungependa sana.

Ufunguo haukuombwa tena. Ranganathan alikula wali, dengu na kachumbari ya figili, akakataa nyama, akaongezewa wali mara nyingi mpaka akaikinga sahani kwa mikono miwili, na akashuka kilima na jipu lake kabla ukungu haujafunga.

Asubuhi iliyofuata Lokmani aliitwa nyumba ya juu. Bibi Kaushila alikuwa amekula nyama ya sikukuu kama msichana, na sasa tumbo limemfunga, amelala ubavu akilaani mbuzi na ukoo wake. Walimlaza kwenye gari. Hakuuliza kuhusu damu. Aliipapasa tu mlangoni wakati anapandishwa, kama mtu anavyohakikisha mlango umefungwa.

Kwenye kona za mtoni Lokmani aliingiza gia ya pili, na gari likaitika bila kelele.

"We Lokmani!" bibi aliita kutoka nyuma. "Gari hili la nani?"

"La Kusini, bibi. Wametupa."

"Waambie godoro lao gumu."

"Nitawaambia."

"Na wa Kaskazini wakileta la kwao, uniite nilijaribu."

"Kwanza upone, bibi."

"Nitapona. Endesha, acha maneno."

Lokmani akashusha kioo kidogo, hewa ya shayiri na moshi ikaingia, akaendesha.