Nusu ya Muhuri wa Colomba

Jua linaanza kugusa kuta za mawe za mashamba ya mizeituni juu ya Zoagli, na Colomba Solari keshatandaza unga uliokandwa mezani. Anakata viduara kwa muhuri wa mbao, anaugeuza muhuri, anaweka kiduara juu ya mchoro na kukibana kwa kitako cha glasi. Upande mmoja unatoka na ua. Wa pili unabaki mtupu.

“Wateja wanadhani ndio mtindo,” anacheka bibi huyu wa miaka sabini na tisa. “Mtindo gani! Ni kukosa tu.”

Corzetti, tambi za duara za pwani hii ya Liguria, hubanwa kwa muhuri wa vipande viwili. Wa kina Colomba ulichongwa na baba yao. Kipande cha juu, chenye mchoro wa nyota, kilipanda meli bandarini Genova mwaka 1963, ndani ya sanduku la dada yake Ersilia, aliyekuwa akienda kuolewa Argentina.

“Alisema, nakichukua rehani, nitakirudisha mwenyewe. Nikamwamini. Mpaka leo namwamini, ndiyo shida yangu.”

Kwa tambi hizo, kilo euro kumi na sita, Colomba amelea watoto wawili, na wote sasa wako Torino. Mchana hula peke yake, tambi na mchuzi wa njugu za msonobari, na kila siku humkumbuka Ersilia akilamba kijiko.

Jirani yake Prospero, seremala, ameomba mara nyingi amchongee kipande kipya bure.

“Mwanamke una kichwa kigumu kuliko mzeituni!”

“Wewe chonga miguu ya viti, Prospero. Ya kwetu yaache.”

Jumapili iliyopita Ersilia alipiga simu. Magoti yamemshinda, safari hawezi tena.

“Mdogo wangu, kile kipande nitakutumia kwa posta.”

“Usithubutu, dada! Usitume kitu!” Colomba alipiga kelele mpaka Prospero akachungulia dirishani.

Kisha akalia, wala hafichi. Kipande kikija peke yake, anasema, ndiyo kwaheri yenyewe.

Kesho yake alishuka mjini kupiga picha ya pasipoti. Hajawahi kupanda ndege.

“Treni ya Genova tu inakutapisha,” Prospero alimtania, “utaiweza Buenos Aires?”

“Nitatapika, na nitafika.”

Kipande chake atakipakata njia nzima. Anataka kubana tambi jikoni kwa Ersilia, ua huku, nyota kule, kisha wazile wote wawili.

“Miaka yote nimeogopa ndege,” anasema, akikung’uta unga mikononi. “Sasa naogopa posta.”