Utando Uliolowekwa Wiki Nzima

Kanuni ya Albina Kilian ilikuwa moja: utando wa kuchujia upimwe ndani ya kimiminika kilekile utakachofanyia kazi, tena baada ya kulowekwa humo wiki nzima.

Aliitoa nyumbani kwao Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa. Baba yake alisuka nyavu za pamba za kuvulia usipa, dagaa wa ziwa hilo, na hakupima jicho la wavu likiwa kavu. Aliulaza ziwani kwanza, kwa sababu uzi wa pamba ukilowa hubana na jicho hubadilika. Majirani walimcheka kwamba anafua wavu mpya. Hakuacha.

Albina alisomea kemia, akaajiriwa katika kiwanda cha umma Dar es Salaam. Kiwanda kilipouzwa, katikati ya miaka ya tisini, alirudi mkoani kwao na ufundi wake wa plastiki, akakodi chumba nyuma ya soko la Mbinga. Aliyeyusha plastiki, akaitandaza juu ya kioo kwa bapa la chuma, kisha akakizamisha kioo majini. Plastiki iligeuka nyeupe, ikawa ngozi nyembamba kuliko karatasi, yenye vitundu visivyoonekana kwa macho.

Mteja wake alikuwa Masoudi, mfanyabiashara wa mjini aliyekamua alizeti. Mashudu yaliyobaki aliyaloweka kwenye kiyeyusho cha jamii ya petroli ili yatoe mafuta ya mwisho, kisha akauchemsha mchanganyiko ili kiyeyusho kitoke. Paa la banda lake lilikwisha kuungua kwa kazi hiyo. Albina alimwahidi utando wa kupitisha molekuli ndogo za kiyeyusho na kuzuia zile kubwa za mafuta, bila moto.

Utando wa kwanza ulikuwa bado kwenye chupa ya kiyeyusho Masoudi alipokuja kuudai.

"Dada Albina, nipe mzigo wangu. Juzi nilikuona ukiujaribu kwa maji ya rangi. Yalitoka meupe kabisa."

"Yale yalikuwa maji, kaka. Wewe kule bandani hutauwekea maji."

"Unaufungia ndani kama mwali."

"Na mimi ndiye somo wake. Hatoki mpaka wiki iishe."

Masoudi alicheka, lakini hakuketi. "Mafuta ya nje yameshafika Songea, madumu kwa madumu. Nikichelewa, nani atanunua yangu?"

"Na utando ukilegea, watu watapikia petroli. Utawaambia nini?"

Masoudi aliondoka mikono mitupu.

Wiki ilipotimia, Albina aliutoa utando chupani. Ulikuwa umevimba na kulainika kama ganda la ndizi lililochemshwa. Alipoupitishia mchanganyiko, matone yalitoka ya manjano: vitundu vilikuwa vimepanuka, na mafuta yalipita pamoja na kiyeyusho. Aliutupa.

Alianza upya. Safari hii, kila utando aliutia kwenye dawa ya kuzifunga nyuzi za plastiki zishikane, zisiachane zikilowa. Dawa ikizidi, utando ulikatika; ikipungua, ulivimba. Masika yalipita, kahawa ikaiva na kuchumwa. Hatimaye mmoja ulikaa wiki nzima kwenye kiyeyusho ukabaki vilevile, na matone yakatoka maangavu.

Aliupeleka dukani kwa Masoudi. Madumu ya mafuta ya nje yalipangwa hadi mlangoni.

"Utando umekubali?" Masoudi aliuliza.

"Umekubali."

Masoudi aliunyanyua utando kwenye mwanga, akamrudishia. "Mashine nimeshaiuza, dada. Sikamui tena."

Wapo waliosema angempa tu ule wa kwanza, kwa kuwa soko huria halimsubiri mtu. Sikubaliani nao. Mafuta yale yangeingia kwenye sufuria za watu ambao hawakuulizwa kama wako tayari kubahatisha, na Albina alilijua hilo kabla ya sisi sote.

Hakupata mteja mwingine. Alifunga chumba, akaenda shule ya Kihagara kufundisha kemia, na anaifundisha hadi leo. Kanuni ile ilimgharimu karakana yake, na hakutengeneza utando tena.