Sakafu ya Landrova ya Obita

Landrova ile ililetwa Luzira, pembezoni mwa Kampala, juu ya lori, haina injini, haina viti, na pale injini ilipopaswa kukaa pamejaa manyoya ya kuku. Obita aliinunua Katwe, mtaa wa mafundi, kama chuma chakavu. Majirani walipoiona ikishushwa uani kwake walicheka bila hata kujificha. Mtu wa mguu mmoja, wakasema, amejitafutia gari lisilo na gurudumu hata moja. Obita alianza kufagia manyoya. Alikuwa mlinzi wa lango kwenye ghala moja karibu na Port Bell, na miaka kumi na minne ya kukaa langoni ilikuwa imemfundisha kuacha maneno ya watu yapite yaende zake.

Wangejua kazi ya gari lile wasingecheka. Mapema mwaka huo mama mkwe wake, ajuza anayeishi kijijini upande wa Kitgum, kaskazini kabisa, alituma ujumbe kwamba amechoka kungoja. Alitaka mifupa ya mwanawe Kidega iletwe nyumbani, izikwe kando ya baba yake, kabla yeye mwenyewe hajafukiwa. Kidega alikuwa kitinda mimba wake, mdogo wa Amito, mkewe Obita. Aliuawa na bomu lililotegwa barabarani mwaka wa tisini na nane, akiwa na miaka kumi na tisa, askari wa miezi mitano tu, akazikwa harakaharaka porini karibu na mpaka wa Sudan. Gari la jeshi alilofia lilikuwa Landrova, na dereva wake alikuwa Obita.

Siku hiyohiyo Obita alipoteza mguu wa kulia. Kati ya wote waliokuwapo Kidega akizikwa, ni yeye peke yake aliye hai hadi leo, na barabara yenyewe imemezwa na nyasi kiasi kwamba gari la kukodi haliwezi kufika. Kwa hiyo alisimama mbele ya ukoo wa mkewe akasema, "Nitamleta mimi mwenyewe, kwa Landrova yangu." Wajomba wa Amito walimshika mikono. Mama mkwe alilia kwenye simu, akamwita mwanangu.

Sasa lisemwe lile ambalo Obita alikuwa amelimeza miaka ishirini na saba. Katika vita vile dhidi ya waasi wa kaskazini, magari ya kikosi chao yalitandikwa mifuko ya mchanga sakafuni, ili bomu likilipuka chini, mchanga uvunje nguvu yake kidogo. Ukoo wa Amito uliambiwa, na Obita huyuhuyu, kwamba siku ile gari halikuwa na mfuko hata mmoja, kwamba karani wa stoo aliwanyima. Mama mkwe akamlaani karani huyo asiyemjua hata jina. Kila mwaka, siku ya kumkumbuka Kidega, laana ile ilirudiwa kwa sauti kabla ya chakula, na Obita aliketi pale kichwa chini akiitikia amina.

Mifuko ilikuwapo. Ilikuwa sita, yote imepangwa nyuma walikokaa askari. Wiki moja kabla, dereva mwenzake alikanyaga bomu kwa gurudumu la mbele akafia kwenye usukani, na tangu hapo Obita aliendesha roho mkononi. Asubuhi ile aliihamisha mifuko yote sita akaitandika mbele, chini ya kiti chake na chini ya miguu yake. Bomu likalipuka chini ya gurudumu la nyuma. Mchanga wa mbele haukumsaidia mtu yeyote. Gari lilipinduka likambana Obita mguu, na Kidega, aliyekaa nyuma juu ya bati tupu, hakuwahi hata kupiga kelele.

Hofu kila mtu anayo, na hakuna wa kumcheka dereva aliyeogopa bomu. Lakini kumsingizia mtu, kisha kuitikia amina laana yake inaposomwa, huo ni uoga wa namna nyingine, na Obita alilijua hilo kuliko yeyote. Aliamini kwamba akimleta Kidega nyumbani kwa mikono yake mwenyewe, jambo lile litazikwa pamoja naye na yeye ataweza kulala. Alichoogopa kilikuwa kimoja tu. Amito akijua, hatamruhusu hata kuligusa jeneza.

Basi akajenga. Mwenzake katika kazi alikuwa Nashon, Mjaluo kutoka Kisumu, mchomeleaji mwenye kibanda Katwe, aliyekuja jioni na mashine yake ya kuchomelea imefungwa nyuma ya bodaboda. Bodi ya Landrova ni alumini, haishiki kutu, lakini chesisi ilikuwa imeoza hata ukiigonga kwa nyundo, nyundo inaingia ndani. Wakakata vipande vilivyokufa, wakachomelea vipya. Wakatafuta injini ya dizeli ya pikapu ya Kijapani, na kwa kuwa haikuwa ya gari lile, Nashon akaiundia mikono ya chuma ya kuishikilia. Majirani walewale waliocheka walikuja kusimama ukutani siku ilipowaka mara ya kwanza, ikakohoa moshi mweusi juu ya nguo zao zilizoanikwa.

Kazi iliyompendeza Obita zaidi ilikuwa ya pedali. Mguu wa bandia hauhisi kitu, huwezi kujua umekanyaga mafuta kiasi gani. Kwa hiyo walichukua mkono wa breki wa bodaboda na waya wake, wakaufunga kwenye usukani, mafuta yakawa ya mkononi. Pedali ya breki wakaipanua kuelekea kushoto ili mguu mzima uweze kuhudumia breki na klachi. Nashon alijaribu kuliendesha hivyo likamzimikia mara tatu, akashuka akitukana kwa Kijaluo. Obita alilizungusha uani taratibu bila kugusa hata beseni la Amito. Siku hiyo alifurahi, na ilikuwa furaha ya kweli.

Nyuma walibakiza benchi moja la Amito na wajomba wawili. Upande wa pili ukawa wa jeneza, na jeneza lilikuwa la urefu kamili, kwa sababu Amito alikataa katakata mdogo wake kurudi nyumbani ndani ya sanduku la mtoto. Ilibaki sakafu. Safari ilikwisha kupangwa kuwa Ijumaa.

Nashon ni Msabato, Jumamosi hashiki hata bisibisi. Jumamosi ile Obita akabaki peke yake na vyuma viwili, bamba nene la milimita sita na bati jepesi. Alipima, akakata, akapanga, akabana kwa vibanio ili kesho yake Nashon achomelee tu. Alifanya kazi ile asubuhi nzima huku akiimba kidogo. Hakufikiri hata mara moja. Aliiachia mikono, na mikono ya dereva wa vita ina kumbukumbu zake.

Jumapili Nashon alikuja mapema, akavaa miwani yake, akainama kutazama. Amito alikuwa ametoka misa, bado amevaa gauni la kanisani, anawaletea chai.

"Afande," Nashon akasema, "hii kitu umekata aje? Hapa mbele kwako umeweka chuma ya kubeba trela. Huko nyuma umewekea watu bati ya paa."

"Nyuma iko mzigo nyepesi tu," Obita akajibu. "Mifupa hapana uzito."

"Na mama je? Na wale wazee wawili? Si watakaa huko?" Nashon akacheka. Ni mtu wa utani, hakuwa na nia mbaya hata chembe. "Ama unaogopa bomu hapa Luzira, ukaamua kujikinga wewe peke yako?"

Amito akasimama. Ndoa yake ilianzia kambini, alikuwa ameyaona magari yale yakitandikwa asubuhi baada ya asubuhi. Aliiweka sinia ya chai chini, akapanda ndani ya gari na viatu vyake vya kanisani. Alikanyaga bati la nyuma, likalia na kubonyea. Akapita hadi mbele, akakanyaga bamba la chini ya kiti cha dereva. Halikutoa hata sauti. Alisimama juu yake akitazama miguu yake.

"Baba Aol," akasema kwa Kiacholi, bila kumtazama, "siku ile, mifuko ilikuwapo?"

Angeweza kukana. Alikuwa amekana miaka yote hiyo, na mkewe alikuwa amemwamini. Lakini vyuma vilikuwa pale mchana kweupe, vimekatwa kwa mkono wake, na ulimi ukakataa kufanya kazi uliyoizoea.

"Ilikuwapo."

"Mingapi?"

"Sita."

"Ilikuwa wapi?"

Obita akanyoosha kidole pale mkewe alipokuwa amesimama.

Amito alishuka polepole, akishika mlango. "Nilikuomba umweke karibu nawe," akasema. "Niliwaomba wakubwa wako, nikakuomba na wewe. Nilisema huyu bado mtoto, akae gari la shemeji yake."

"Ndiyo."

"Alikuona ukiihamisha?"

Hapa Obita alianza kulia. Mkewe hakumsogelea.

"Alinisaidia kuibeba," akasema. "Nilimwambia ni amri kutoka juu. Mimi nilibeba miwili, yeye akabeba minne."

Nashon alikuwa amevua miwani. Kijaluo na Kiacholi ni ndugu, maneno ya kutosha yalikuwa yamemfikia. Alikunja waya wa mashine yake taratibu na akaenda kukaa nje ya lango, na chai ikapoa pale chini.

Amito hakupiga kelele siku hiyo wala siku iliyofuata. Laiti angepiga, Obita angejua pa kusimama. Alipika, akauza dagaa wake sokoni, akarudi. Jumatatu jioni alimwambia uamuzi wake kama mtu anayemwambia jirani kwamba mvua inakuja.

"Gari litakwenda Ijumaa, mama anangoja. Wewe hutakwenda. Nashon ataendesha."

"Nashon hawezi pedali zile."

"Zitoe."

"Mama Aol, nakuomba. Niruhusu nimlete, halafu mnifanye mnavyotaka."

"Ulishambeba mara moja," Amito akasema. "Nitamwambia mama mwenyewe, palepale kaburini. Yule karani tutamwondolea laana. Mwenye kustahili anajulikana."

Kwa siku tatu Obita alibomoa kazi yake. Alifungua waya wa bodaboda kwenye usukani. Alikata kile kipande kilichopanua breki, akaipiga msasa hadi usingejua kwamba kilikuwapo. Alirudisha pedali ya mafuta chini kulia, mahali pa mguu asiokuwa nao. Kisha akang'oa bati la nyuma, akatafuta bamba nene lingine, akalipima na kulikata. Nashon alikuja kuchomelea, wakafanya kazi bila soga. Mara moja tu Nashon alisema, "Afande, mimi ningejua nisingefungua mdomo," na Obita akamwambia ashike chuma vizuri kisiteleze.

Ijumaa asubuhi Landrova ilisimama langoni imeoshwa. Wajomba wawili walikuwa wamekwisha kuketi nyuma, pembeni ya jeneza jipya tupu, na kwa kuwa Amito alikuwa amekwisha kuwaambia, hawakuitikia salamu ya Obita. Aliwasalimu mara ya pili, kwa heshima yote. Walitazama barabarani.

Lilibaki jambo moja ambalo ni yeye tu angeweza kulifanya. Amito alimletea kipande cha boksi na kalamu, akamwambia achore. Obita alipiga magoti kando ya gurudumu kwa shida, mguu wa bandia umenyooka pembeni, akachora juu ya goti zima. Alichora mlima wenye vichwa viwili, kijito, daraja lililovunjika. Akachora jiwe kubwa, akaandika hatua arobaini kuelekea mashariki. Alijua hata hatua, kwa sababu alikuwa amelazwa kando ya barabara siku ile akiwatazama wenzake wakipima na kuchimba, akiwa macho tangu mwanzo hadi mwisho.

Amito alisoma mchoro ule. "Walimzika peke yake?"

Obita aliweka kalamu chini. Alitafuta pa kushika ili asimame, hakuna aliyempa mkono, akabaki chini palepale.

"Mguu wangu ulikatiwa pale," akasema. "Haukuweza kutoka chini ya gari. Hawakuwa na muda wa kuchimba mara mbili. Waliuweka naye, ndani ya blanketi lake."

Alisema hivyo na moyoni, kwa aibu, kulikuwa na kitu kama matumaini. Aliwaza kwamba angalau sehemu yake moja ilikuwa imelala na Kidega miaka yote hiyo, na kwamba sasa itakwenda naye nyumbani, pale ambapo yeye hataruhusiwa tena.

Amito alikunja kile kipande cha boksi. Alimtazama mumewe pale chini, mguu mzima na mguu wa plastiki, kidonda alichokifunga na kukifungua kwa mikono yake mwenyewe mwaka mzima wa kwanza. Kisha akageuka akazungumza Kiswahili, ili Nashon kwenye usukani asije akakosa hata neno.

"Nashon, wewe sikia. Kama munaona mguu ya kulia imezidi, hapana leta. Murudishe kwa shimo. Hiyo si ya kwetu."