Dakika Nne za Getini

Miaka ya sabini nilitoka Mbeya nikapata ukarani katika kiwanda cha chai karibu na Igowole. Moja ya kazi zangu ilikuwa kutunza saa mbili za ukutani. Ya ofisini tuliiita mama. Kila dakika ilipeleka umeme kidogo kwenye waya hadi saa ya getini, tuliyoiita mtoto, na mshale wa mtoto ukasogea hatua moja. Saa moja asubuhi geti lilifungwa. Aliyechelewa alirudi nyumbani.

Baridi ilipoanza, mtoto akaanza kubaki nyuma. Jumatatu nilizilinganisha zote mbili, Ijumaa mtoto amechelewa dakika nne. Meneja aliwaona dirishani akina mama wachuma chai wakiingia baada ya saa moja. Nilimshuku mlinzi, mzee mwenzangu wa kanisa, maana mkewe alikuwa miongoni mwao. Nikamwambia mbele yao, "Unazuia mshale."

Akacheka, akanisalimia kwa Kihehe. "Kamwene, karani! Saa iko juu vile, na mimi ngazi sina."

"Kigoda unacho."

Hakucheka tena. Meneja akasema saa ikichelewa tena wiki ijayo, mlinzi hana kazi.

Jumatatu nililinganisha upya, nikabandika ukingoni mwa kioo cha saa ya getini kikaratasi kisichotoka bila kuchanika. Alhamisi saa ilikuwa nyuma dakika tatu na kikaratasi kizima. Hata hivyo sikumwamini. Niliwaza labda anakibandua kwa mvuke wa chai.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, barua ya kumwachisha kazi mlinzi ikisubiri sahihi, redio ilitoa mlio wa saa. Mama, saa ya ofisini, naye alikuwa amechelewa dakika moja kwa baridi. Nikausukuma mshale wake kwa kidole, kama kila asubuhi. Safari hii nilitega sikio. Mama akipeleka umeme hulia "ta". Hakulia. Dakika zote nilizomwongeza mama kwa kidole, mtoto hakuwahi kuzipata.

Namshukuru Mungu barua ilikuwa bado mezani. Nilimweleza meneja, akaichana, nikaenda getini kumwomba radhi mlinzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulinisema mbele ya hawa," akasema, akiwaonyesha akina mama waliokuwa wakifika na vikapu mgongoni. "Waambie na hawa."

Nikawageukia, nikasema kosa lilikuwa langu.

"Paza sauti, baba," akaita mkewe. "Huku nyuma hatusikii!"

Nikarudia, kwa sauti.