Siku Tuliyofyeka Mahindi Mabichi

Mahindi ya mwaka ule yalikuwa yamefika pale ambapo ukiibonyeza punje kwa ukucha inatoa maziwa. Mama alikuwa ametuahidi, mimi na mdogo wangu wa kike, kwamba Jumapili tukitoka kanisani tutakula mukimo wa kwanza, ule mseto wetu wa mahindi na viazi vilivyopondwa. Kwa miezi tulikuwa tunakula uji na maharagwe ya zamani yaliyotobolewa na wadudu, kwa hiyo ahadi ile tulilala nayo na kuamka nayo.

Ilikuwa wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na mkoloni. Serikali ilikuwa imetutoa kwenye migunda yetu, yaani mashamba, nyumba zetu zikachomwa, tukaambiwa tujijengee vibanda katika kijiji kipya upande wa Gitothua, hapa Ruiru. Kijiji kilizungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Baba alikuwa amefariki zamani, hivyo tulikuwa wanne chini ya paa moja: mama, mimi, mdogo wangu, na nyanya aliyemzaa baba, ambaye tulimwita cucu. Shamba lilibaki kule chini karibu na mto. Tuliruhusiwa kwenda huko mchana kwa muda mfupi, tukichungwa na homugadi, wale walinzi wenye bunduki, ambao wengi walikuwa vijana wa kwetu.

Siku mbili kabla ya hiyo Jumapili tuliitwa uwanjani. Mkubwa wa homugadi alipanda juu ya gogo akasema mahindi yote ya kando ya mto yakatwe leo, kwa sababu watu wa msituni wanaopigana na serikali wanajificha ndani yake na kuyala. Kila mtu akate ya kwake.

"Lakini hayajakomaa," mwanamke mmoja akasema.

"Kwani nimesema mvune?" akamjibu. "Nimesema mkate."

Tukateremka. Cucu hakutakiwa kwenda, miguu yake ilikuwa mibaya, lakini alikuja na fimbo yake na hakuna aliyemzuia. Mama alisimama mbele ya mstari wa kwanza na panga mkononi. Mahindi yalikuwa yamempita kimo, majani yake ya kijani kibichi yakimeta kwa umande, nywele za mahindi zikianza kuwa nyekundu. Maharagwe yalikuwa yamepanda juu ya mabua, na chini, malenge yalikuwa yametandaza maua ya manjano. Mama hakuinua panga.

"Anza," cucu akamwambia. "Wakianza homugadi wenyewe, watakanyaga hata malenge."

Mama akaanza. Mabua mabichi hayana kelele nyingi yakikatwa. Yanalegea na kuanguka. Panga lilijaa maji ya kijani, na shamba zima likanuka utamu kama wa miwa. Cucu aliketi chini na kuanza kukonyoa mahindi, mimi na mdogo wangu tukichuma malenge machache yaliyokomaa, majani yake na maharagwe mabichi na kuyatia kwenye kiondo.

Homugadi aliyetusimamia alikuwa mtoto wa ukoo wetu. Akakaribia.

"Cucu, bebeni mnayoweza," akasema kwa sauti ya chini. "Filimbi ikilia siwezi kuwangojea."

"Na tutakayoacha?"

"Yataoza, cucu." Alisema hivyo akiangalia mto.

Jioni ile moshi ulitoka kwenye kila kibanda. Kijiji kizima kilinuka mahindi ya kuchoma, na watoto walikimbia huku na huku wakiwa na mahindi mikononi, midomo myeusi kwa masizi, kama siku ya Krismasi. Mama alichemsha viazi pamoja na mahindi na maharagwe yale mabichi, akatia majani ya malenge, akaponda kwa mwiko mpaka vyote vikawa kijani laini, na punje nyeupe zikichungulia. Kando aliweka vipande vya malenge, vya rangi ya machungwa, vikitoa mvuke. Sijawahi kuona sahani nzuri kuliko ile. Mdogo wangu alikula mpaka akajilaza sakafuni na tumbo lake juu.

Cucu, ambaye hakuwa na meno, aliutafuna mukimo taratibu. Akameza.

"Ni mtamu," akasema. "Tunakula mbegu."

"Kula tu, mama," mama yangu akamwambia mkwewe.

Mama mwenyewe hakugusa kitu. Alikaa mlangoni akiyatazama mahindi yaliyorundikwa, kwa sababu alijua kwamba mahindi ya maziwa hayawekeki. Tulikula hivyo siku chache. Kisha yakaanza kuchacha. Tulijaribu kuyaanika juani na juu ya moshi, lakini punje zilisinyaa zikawa maganda matupu. Majirani wote walikuwa na maganda yale yale, hakukuwa na wa kuombwa.

Njaa ilipoingia, cucu alianza kusema ameshashiba. Alisema hivyo asubuhi na jioni, na bakuli lake lilisogezwa kwa mdogo wangu, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba na nywele zake zimegeuka rangi. Mama akimwomba ale, alikuwa anakasirika. "Mimi nimekula mahindi ya miaka mingi," alisema. "Huyu amekula ya miaka mingapi?"

Cucu alifariki kabla ya mvua za vuli. Tulimzika nje ya handaki, kwa haraka, maana muda ulikuwa umewekwa. Yule homugadi wa ukoo wetu aliweka bunduki chini akashika jembe, akachimba mpaka mwisho. Mama hakumzuia wala hakumshukuru.

Shangazi yangu, aliyeolewa kule Ngoliba, alipata kibali cha kuja matangani. Alimwangalia mdogo wangu, akamwinua mkono na kuuachia, akaona ulivyoanguka.

"Huyu naenda naye," akamwambia mama. "Kwetu ni pakavu, lakini mbaazi zipo."

Mama alimfunga mdogo wangu leso yake mwenyewe na kumkabidhi. Mdogo wangu alipona huko Ngoliba, akakua huko, akaolewa huko. Kwetu alirudi kama mgeni.

Msimu uliofuata tuliruhusiwa kupanda, mbali na mto. Shangazi alikuwa ametuachia mbegu. Mahindi yalipofika wakati wake, mama alipika mukimo, na mimi nikapanga sahani. Alipofunua sufuria tuliona kwamba alikuwa amepika chakula cha watu wanne. Alipakua cha wawili, tukala, na kilichobaki akanituma nikipeleke kwa jirani kabla hakijapoa.